Mbwa Kwenye Foleni ya Majani Chai

Karani wa kituo chetu cha majani chai, hapa upande wa Mogogosiek, hana mchezo. Jani likikomaa kidogo tu, analitupa nje mbele ya watu. Juzi aliingiza mkono kwenye kikapu alichobeba nyanya mmoja, kogo kwa lugha yetu, aliyekuwa mbele yangu, na mkono ukalambwa.

"Kogo," alisema akiuchomoa haraka, "sisi tunachukua majani mawili na chipukizi. Hii iko na masikio mawili na pua!"

Foleni nzima ikacheka. Alikuwa mbwa wa kizungu, mrefu kama mkate, miguu mifupi, zawadi ambayo nyanya alipewa na mwanawe wa Nairobi.

"Majani iko kwa hii kikapu ingine," nyanya alijibu. "Daktari wa mifugo alisema mbwa wa aina hii wanasumbuliwa sana na mgongo. Akirukaruka kwa shamba, miguu inaweza kupooza. Sasa nimwache nyumbani alie?"

"Na mgongo yako, Kogo?"

Nyanya alishika kiuno, akafikiri. "Umeuliza vizuri, kijana. Hebu shika."

Basi karani akaendelea na kazi akiwa amempakata mbwa kama mtoto wa kubatizwa. Mkono mmoja ulimbeba, wa pili ulishughulika na mizani. Wa kutupa majani yetu haukubaki. Kila alipojaribu kumweka chini, foleni nzima ilipaza sauti: "Karani, mgongo!"

Sijawahi kuona wakulima wakijali afya ya mbwa namna ile.