Dirisha Linalojitanua

Kwenye kompyuta yangu ya kazini, dirisha ninaloliingia hujitanua lenyewe. Nikigusa la kushoto, linavimba mpaka linakaribia kujaza kioo kizima, herufi nazo zinakua, na yale mengine yanabanwa pembeni. Nikihamia la kulia, mchezo unageuka. Hakuna aliyeniwekea. Niliifundisha mwenyewe ile programu tunayoandikia kazi, na siku ilipokubali nilijisifu peke yangu. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa sioni.

Daktari alishaniambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji wake ni mdogo. Nikasema asante, nikapanda gari nikarudi zangu Tengeru, na sikumwambia mtu. Naogopa kisu, hilo sifichi. Lakini kilichonifunga mdomo zaidi ni kazi yenyewe. Ofisi yetu hapa mjini inatengeneza programu ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa: lini ng'ombe alipandishwa, kapewa dawa gani, maziwa yake yasinywewe mpaka lini. Vijana wanaandika, mimi nakagua kabla kazi haijamfikia mfugaji. Mkaguzi asiyeona ni wa nini? Nilijiuliza hivyo kila asubuhi nikijipaka mafuta, na jibu nililijua, kwa hiyo nilikuwa nafanya haraka nitoke.

Basi niliishi na dirisha langu kwa siri mpaka nilipofanya ujinga. Kompyuta za ofisini zinachukua mipangilio yake sehemu moja, ili wote tufanye kazi kwa namna inayofanana. Ijumaa moja nilikuwa narekebisha kitu kingine kabisa kwenye hiyo mipangilio ya pamoja, na lile la kwangu la dirisha kujitanua likaingia humo bila mimi kujua. Jumatatu nafika, tukamaliza shikamoo zetu, nikaanza kusikia miguno.

"Mama," akaniita kijana wa Kisongo, yule asiye na maneno mengi, "dirisha langu leo limepandwa na mori. Nikiligusa tu linavimba."

"Hata langu," wakadakia wengine.

Ningeweza kucheka nikasema jamani samahani, hilo ni la kwangu, ngojeni nilitoe. Badala yake nilisimama katikati ya chumba kama mwalimu wa zamu nikaanza kuwahubiria. Nikasema nimeliweka makusudi. Nikasema macho yao yanarukaruka, mara hapa mara pale, ndiyo maana makosa hayaishi, na kwamba mtu makini hutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilikoleza chumvi. Nilijisikia nikiongea, nikashangaa nilivyo mwongo mzuri.

"Sawa, mama," wakasema.

Kwetu huku kijana hamwambii mama wa umri wangu kwamba anaongea upuuzi, nami nilijificha nyuma ya adabu hiyo. Kazi yao ni ya kulinganisha: maelekezo huku, majibu kule, na lazima uyaone yote kwa pamoja. Sasa kila wakigusa hili, lile linasinyaa. Siku moja nikiwa nazunguka kwenye meza zao nikamwona kijana wa Kisongo anaandika namba kwenye kiganja kwa kalamu, ili azibebe kutoka dirisha moja hadi jingine. Kwenye kiganja, na kompyuta ipo mbele yake! Nilijifanya natafuta kikombe changu. Niliona aibu, na bado sikukiri.

Kibaya zaidi ni kwamba nilikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikienda kwenye meza zao kukagua, nilikuwa naona. Nainama, nasoma, naweka kidole kwenye kosa, "Hili hapa, mwanangu, hukuliona?", narudi kwenye chumba changu cha ofisini natembea kwa madaha. Nilishaanza kujiambia kwamba daktari aliongeza chumvi.

Mchana mmoja wa mvua nilishuka kula loshoro, yale makande ya maziwa mgando, kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara. Nikakuta sufuria tupu. Nikarudi mapema, na kwa kuwa viatu vilikuwa vimelowa chapachapa, nilipanda ngazi nimevishika mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye meza zote madirisha yalikuwa yametulia, mawili mawili, yanalingana, maandishi madogo kama punje za ulezi. Hata mimi niliweza kuona kwamba hakuna lililovimba.

Mmoja wao akageuka. "Mama huyo!"

Vidole vikagonga, na palepale madirisha yote yakajitanua.

Nilichemka. Nikasimama pale peku, viatu vinadondosha maji sakafuni, nikaanza kufoka. Kumbe mimi ni mtu wa kufanyiwa maigizo! Kumbe nikiwapa mgongo maneno yangu ni takataka! Nikamgeukia binti wa meza ya kwanza, msichana wa Kimeru ambaye mama yake nasali naye usharika mmoja, nikamwambia kwamba yeye, kwa jinsi nilivyopajua alikotoka, nilimtegemea awe na adabu.

Binti akasimama. Alikuwa anaitazama miguu yangu.

"Nisamehe, mama. Tulilizima siku ileile ya kwanza. Tukakubaliana ukitoka tu chumbani kwako, tunaliwasha."

"Ili mnidanganye."

"Ili uone."

"Nione nini?" Nilitaka iwe kali, lakini ilitoka nyembamba.

"Kabla ya hili dirisha, mama, ulinikagulia ile sehemu ya dawa. Ukaniambia safi, peleka. Na mistari ya makosa ilikuwa myekundu kioo kizima. Nikajua hukuiona. Nikairekebisha kwanza, ndiyo nikapeleka." Akawatazama wenzake. "Tangu hapo tunakaguana wenyewe kwa wenyewe kabla hujaja. Hiyo siku uliyotuhubiria, tukaelewa dirisha ni la nini."

Ningenyamaza hapo ingekuwa nafuu. Lakini mimi sijui kunyamaza.

"Na makosa ninayowaonyesha kila siku?"

Kijana wa Kisongo akainamisha kichwa. Ni binti aliyejibu.

"Kuna madogo tunakuachia, mama."

Nimewahi kuanguka kwenye matope mbele ya bwana harusi na wageni wake wote. Nimewahi kusimama kuimba kanisani sauti ikagoma. Hayo yote nayasimulia leo watu wanacheka na mimi nacheka. Hili nililihisi masikioni, shingoni, mpaka kwenye nyayo. Watoto hawa walikuwa wanafanya kazi yao, wanafanya na ya kwangu, halafu wanatega vikosa vidogo njiani ili mama aviokote, arudi chumbani kwake ameridhika. Na mimi nilikuwa naviokota. Nilikuwa nawauliza, hukuliona hili?

Nilitaka kuingia chumbani kwangu nifunge mlango. Nilipiga hatua, kweli. Binti akavuta kiti chake akakisogeza kwangu, akachukua vile viatu mkononi mwangu akaviegemeza ukutani vichuruzike. Nikakaa. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Kazi ya leo," nikasema.

Akaifungua. Dirisha likajitanua, likajaa mpaka kwenye kingo, herufi zikakua. Wote walikuwa wananitazama mimi. Mstari wa kwanza niliuona nusu, na nusu iliyobaki ningeweza kuibahatisha kama nilivyozoea, nikaguna kidogo, nikatikisa kichwa, wakaniitikia sawa mama.

"Ongeza kidogo," nikamwambia.

Akaongeza.

"Tena."

Akaongeza tena, na mkono wake ukabaki palepale kwenye kitufe, unasubiri.

"Bado," nikasema, kwa sauti ambayo hata wa meza ya mwisho aliisikia. "Bado sioni, mwanangu."