Moyo wa Bibi Tulinagwe Uliosimama Masoko

Kisondela nzima wanajua: Bibi Tulinagwe akikwambia mvua inanyesha, toa kwanza mkono nje ya dirisha. Si mwongo, la. Anaongeza chumvi tu, ila chumvi yenyewe ni ya gunia.

Bintiye, Prisca, alimwita Ujerumani akamwone mjukuu. Bibi akakatiwa bima ya safari Tukuyu mjini kwa wakala mmoja, kijana Hafidhi, akapanda ndege. Huko baridi ikamkuta hana wa kupiga naye soga. Hakuna aliyebisha hodi hata kuomba moto. Hadithi zikamjaa kifuani kama maziwa ya mama aliyemwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati. Siku moja pumzi ikamkata, akaanguka jikoni, wakamkimbiza hospitali.

Madaktari wakakizunguka kitanda. Mkalimani akauliza kwenye simu, "Bibi, moyo umewahi kukusumbua?"

Watu wote wale, kimya, macho kwake! Nani angejibu "hapana"?

"Moyo? Huu ulishasimama! Nilikuwa nachunga mbuzi kando ya ziwa kule Masoko. Chatu akatoka majini, akammeza mbuzi wangu, na kamba nimeishika mimi! Moyo ukasimama tangu asubuhi hadi watu wanaepua ndizi za mchana."

Mkalimani akatafsiri: moyo ulisimama, kwa saa kadhaa. Daktari akaandika.

Bibi akapona, akarudi nyumbani. Jibu la bima likamfuata nyuma: hatulipi, alikuwa na ugonjwa wa moyo wa zamani, akauficha. Gharama zote za hospitali zikamwangukia Prisca, akawa anafanya kazi hata Jumapili. "Mama," alilia kwenye simu, "waambie ulikuwa unatania!"

Hafidhi akasema, "Bibi, nimekata rufaa. Mkaguzi anakuja kutoka Mbeya. Lete shahidi aseme moyo wako haujawahi kusimama."

"Yaani aniite mwongo?"

"Tuseme mcheshi."

"Mcheshi ni mwongo aliyeoga, mjukuu wangu."

Kupata shahidi hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuwapunguza. Akabaki Mzee Anyelwisye, jirani aliyebishana naye tangu wote wawili wana meno.

"Bibi, nakuomba, kaa kimya," Hafidhi alimsihi mlangoni pa ofisi. "Ukianza kuisimulia tena ile ya chatu, Prisca ameumia."

Wakaketi. Mkaguzi akauliza, "Mzee, ni kweli moyo wa huyu mama ulisimama Masoko?"

"Uongo mtupu!" Anyelwisye akagonga fimbo sakafuni. "Mama Prisca siku hiyo alikuwa Kawetele, anapalilia. Aliyekuwa ziwani ni mimi."

Bibi akakaza taya.

"Mbuzi alikuwa wangu. Chatu alipommeza, nikavuta kamba, nikavuta, mpaka chatu akageuka ndani nje kama soksi."

"Soksi ya nani, wewe mzee..." Bibi akaanza. Hafidhi akamkanyaga mguu.

"Na moyo wangu," mzee akaendelea, akimkonyeza Bibi, "haukusimama hata kidogo. Wanaosimamisha mioyo ni waoga."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, moyo wa Bibi Tulinagwe ulitaka kusimama kweli. Hadithi yake, chatu wake, mchana kweupe! Akamkumbuka Prisca, kazini siku ambayo wenzake wako kanisani. Akashika ncha ya kitenge chake, akaisokomeza mdomoni, akaiuma.

Mkaguzi alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Akasema ataandika kuwa mgonjwa aliulizwa historia ya ugonjwa, yeye akatoa hadithi. Siku si nyingi bima ikalipa, na Jumapili iliyofuata Prisca akapiga simu akiwa ametulia kwake, mtoto mapajani.

Lakini siku ile ile ya ushahidi, walipotoka nje tu, Anyelwisye alikuwa amesimama barazani, kifua mbele, anangoja shukrani zake.

Bibi akatema kitenge. "Ndaga fijo, baba. Asante sana," akasema. "Sasa nirudishie mbuzi wangu."