Cheti Kilichotwaliwa na Mtani

Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi ililiwa na ndama. Niliianika juani wino ukauke, nikaingia ndani kunywa uji, nikatoka nikakuta limebaki neno moja tu, "mtiifu", nalo limelowa mate. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

"Miaka yote hiyo Uganda chuoni," akasema, "na wa kwanza kufaidi ni ndama."

Nilijua mzaha huo unaelekea wapi. Mdogo wangu wa kike alikuwa amemaliza darasa la nne na alitaka kuendelea. Baba alikwisha kutoa hukumu: kwanza tuone kama shule inalisha mtu. Mvua za kwanza zikinikuta nyumbani, mimi nashika jembe na yeye anabaki jikoni. Kila niliporudi kutoka mjini mdogo wangu aliniangalia mikono kabla ya kuniamkia, aone kama nimeshika barua yoyote.

Na kazi ningeitafutia wapi? Shinyanga nzima msomi alikuwa na mahali pawili pa kutafuta. Pa kwanza ni duka la Mhindi aliyefungia karanga kwa magazeti ya zamani. Nilikula karanga mpaka tumbo likaunguruma, nikisoma matangazo ya kazi zilizokwisha kupata watu mwaka uliopita. Moja nzuri sana niliipata nusu: alitakiwa kijana mwenye cheti, mwaminifu, na aliyezoea... hapo karatasi ikawa imechanika. Nilirudi dukani mara tatu kununua karanga nikitafuta nusu ya pili. Mpaka leo sijui alitakiwa awe amezoea nini.

Pa pili ni ubao wa matangazo bomani. Ulikuwa na mlango wa waya na kufuli, na ufunguo alikuwa nao karani mkuu, Mzaramo mnene aliyevaa koti hata jua likiwa la kupasua mawe. Asubuhi moja nikakuta tangazo jipya: bwana shauri, yule Mzungu wa wilaya, anataka msaidizi mwenye cheti cha chuo na ajuaye Kisukuma. Kuonana naye ni siku ile ile, saa nne. Nikakimbilia kwa karani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Cheti?" Nikampa. "Kabila?"

"Msukuma."

Akaweka kalamu chini, uso ukamchanua. "Kumbe mtumwa wangu! Mla michembe wewe, mla viazi vikavu, nani alikuruhusu kuvaa viatu?" Akakikunja cheti changu, akakitia mfuko wa ndani wa koti. "Hiki nimekitwaa."

Kama kwenu hakuna utani, nikueleze. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani. Mtani anakutukana, anachukua kitu chako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukinuna umeshindwa. Lakini jamani, cheti! Na saa tatu na nusu imekwisha kupita, na bila cheti huingii kwa bwana shauri! Nilimwona kabisa mdogo wangu amepiga magoti anapuliza moto.

"Mzaramo lini ukajua kusoma?" nikamwambia. "Hicho kitakufaa kufungia nazi."

Akacheka sana, akainuka kwenda kunywa chai. Hapo wazimu ukanipanda. Nikazunguka meza, nikakaa kwenye kiti chake.

Mbele yangu palikuwa na foleni ya wafugaji waliotaka vibali vya kuhamishia ng'ombe Geita. Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza, na Kisukuma cha karani kiliishia kwenye salamu ya asubuhi, "mwangaluka". Kelele tupu. Nikamwamkia mzee wa mbele kwa Kisukuma, nikashika kalamu. Akanieleza habari za ng'ombe wake, kisha za ng'ombe wa shemeji yake, kisha za mgongo wa mkewe. Nikaandika za ng'ombe. Akaja wa pili, wa tatu, wa nne. Foleni ikaanza kutembea.

Karani akarudi na bilauri yake. "Ondoka hapo!"

"Kiti hiki nimekitwaa," nikasema bila kuinua macho.

Lo! Alitaka kufoka, akakumbuka kwamba mtani hafoki. Akabaki amesimama na bilauri, jasho linamtiririka, na wazee wakamwambia kwa adabu kwamba kama naye ana shida ya ng'ombe, apange mstari.

Mlango wa ndani ukafunguka. Bwana shauri alizoea kelele, ukimya ulimtia wasiwasi. Akaitazama foleni, akanitazama mimi. "Huyu ni nani?"

Neno moja tu la karani, na tarishi angenishika ukosi na kunitupa nje.

Karani akavuta koti lake likae sawa. "Msaidizi wako mpya, bwana. Cheti chake nimekwisha kukikagua. Ninacho hapa."

Mdogo wangu alirudi shule kabla mvua hazijanyesha, na baadaye akawa mwalimu. Nilipomuuliza karani kwa nini alisema vile, alijibu, "Nilitaka kiti changu, mla michembe." Cheti hakukirudisha. Nilikidai miaka na miaka, naye kila mara alisema amemuuzia mganga.

Alifariki kabla ya Uhuru. Siku ya maziko nilifanya linalompasa mtani: nilijilaza kwenye mlango wa nyumba yake, jeneza lisipite. "Hatoki mtu hapa mpaka nirudishiwe cheti changu! Mzaramo mwizi wewe!" Waliokuwa wakilia wakacheka. Mjane wake akaniinua, akanipeleka chumba cha ndani. Cheti kilikuwa ukutani, kimewekewa kioo, juu ya kitanda cha wanawe.

"Kila siku aliwaonyesha," akasema. "Aliwaambia, 'Msiposoma, yule mla michembe atatucheka.'"

Nikakiacha pale pale ukutani, nikatoka nikampisha mtani wangu apite.