Tundu Nililotoboa Kisogoni

Mwanafunzi wangu alitoroka akiwa na nusu ya uso wa mama yake kwenye begi. Nusu nyingine nilikuwa nimeshaifagia mimi, nikaitupa jalalani.

Tulia nikusimulie, maana jambo hili halijanitoka rohoni.

Naitwa Rabia, mtu wa Tanga. Mwaka 2015 nilikuwa nafundisha sanaa kwenye sekondari moja ya Kasulu. Ufinyanzi, uchongaji, vitu hivyo. Watoto walinijua kwa mdomo. Nikikasirika sina breki.

Kidato cha tatu niliwapa kazi: kila mtu afinyange kichwa cha mtu anayemjua. Wengi walileta viazi. Nickson alimfinyanga mkuu wa shule, yalifanana masikio tu.

Evaline ndiye aliyeniacha mdomo wazi.

Binti mpole, wazazi wake walikuja zamani kama wakimbizi kutoka Burundi, sasa ni raia. Alimfinyanga mama yake. Kitambaa kichwani, kovu juu ya nyusi, midomo kama inataka kukuuliza umekula. Ungekiona ungekisalimia.

Sasa, kichwa cha udongo unakiacha wazi ndani, halafu unakitoboa ili hewa ipate pa kutokea kikiwa motoni. Usipotoboa, kinalipuka. Wenzake wote walitoboa. Yeye akawa anakizungukazunguka tu.

"Evaline, toboa hicho kichwa."

"Mwalimu, naomba nisimtoboe."

"Usimtoboe nani? Huo ni udongo, mwanangu."

Darasa likacheka. Nikachukua spoku ya baiskeli, nikaizamisha kisogoni. Evaline akainama.

Sikujua kwamba mama yake alikuwa amevuka kwenda Burundi kumzika kaka yake. Huko kukachafuka, watu wakaanza kukimbia, na simu yake ikawa haipatikani. Binti alikuwa kwa mama yake mdogo, anasubiri. Sikujua kwa sababu sikuuliza.

Siku ya kuchoma tulipanga vichwa kwenye shimo, tukafunika kwa kuni, nyasi na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moto ulipokolea tukasikia mlio, paa! Halafu paa nyingine.

Tulipofukua majivu nilichoka. Kichwa cha Evaline kilikuwa kimelipuka na kuvunja vya wenzake vyote. Nikaokota kipande cha kisogo. Lile tundu langu lilikuwa limezibwa kwa udongo, likalainishwa, alama ya kidole gumba ikabaki juu yake.

"Nani kaziba hapa?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Umeua kazi ya darasa zima. Haya, mwangalie mama yako sasa, amekuwa vigae."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.

Akajibu taratibu, "Yuko safarini, mwalimu. Sikuweza kumwacha na tundu kichwani."

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikajifanya sijasikia, nikachukua ufagio. Yeye alikuwa amechutama, anaokota anachoweza.

Kesho yake hakuja shule.

Saa nne hivi nimekaa ofisini, mwanamke akasimama mlangoni. Kitambaa kichwani, kovu juu ya nyusi. Uso huo nilikuwa nimeufagia jana.

"Mwakeye, mwalimu," akanisabahi kwa lugha ya kwao. "Namtafuta Evaline."

Alikuwa amevukia upande wa Kibondo, akashuka Kasulu na basi la asubuhi. Nyumbani akaambiwa binti ametoka mapema na sare zake. Nikamwita Nickson. Akaangalia chini.

"Ameenda Munanila, mwalimu. Mpakani. Amesema kama mama amepasuka, lazima akamtafute."

Mpakani, peke yake, na hali ile ya watu kukimbia. Nikamweleza mama wa watu yote: spoku, tundu, vigae. Nilitamani anitukane.

"Twende kwanza, mwalimu," akasema. "Hayo tutayaongea."

Tukapanda pikipiki mshikaki, mimi katikati. Njia nzima nilisoma kila dua niliyofundishwa utotoni, na hakuna iliyonituliza moyo. Mtoto akipotea, nimempoteza mimi.

Tulimkuta Munanila, kwenye uwanja waliposhukia waliovuka, kati ya magodoro na masufuria. Anatoka mtu hadi mtu, ameshika kipande cha udongo chenye jicho moja, pua na kovu.

"Mmemwona mama huyu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hawakuwa na picha ya mama yake nyumbani, hata moja. Kile kichwa ndicho kilikuwa picha.

"Evaline," mama yake akaita.

Binti akageuka. Akaweka kipande chini polepole, akaja, akaingiza mkono chini ya kitambaa cha mama yake. Akapapasa kisogo. Akapapasa tena, kwa vidole, bila haraka, kama anavyokagua udongo.

Halafu akanigeukia mimi.

"Hakuna tundu, mwalimu."

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia, mtu mzima na pochi yangu.

Bado nafundisha. Vichwa bado vinatobolewa, kwa sababu moto hauna huruma. Lakini spoku siishiki mimi. Nakaa karibu na mtoto, namuuliza huyu ni nani na yuko wapi sasa hivi, halafu nasubiri ajibu.

Kama unafundisha watoto wa watu, jifunze kuuliza hivyo kabla hujagusa kazi yao. Mimi nilijifunza kwa kisogo cha mama wa mtu.