Sauti ya Mama Kwenye Kanda ya Mwaka Mpya

Kinyozi huyu wateja walimbandika jina la Bwana Pole, kwa sababu hawezi kukugusa shingo na mashine bila kusema pole kwanza, hata kama hujaumia. Ni mtu wa makamo, ana kitambi cha kiasi, na nywele zake mwenyewe ni timtim. Kinyozi hajinyoi, wahenga walishamaliza. Lakini tangu afiwe na mama yake, ile pole imepoa. Anaitamka macho yakiwa kwingine, na wateja wameacha kumtania.

Siku ya mwisho wa mwaka banda lake lilijaa, maana hakuna anayetaka kuingia mwaka mpya na nywele za mwaka wa zamani. Penye wanaume wanaosubiri zamu, domo halikosi.

"Hivi nani aliamua mwaka uanze kesho?" aliuliza dereva wa lori aliyekuwa kitini, povu limejaa kidevuni. "Kwa nini usianze mvua zikianza, kama watu wenye akili?"

"Wafalme wa zamani hao," alijibu seremala, ambaye hapa duniani hakuna jambo asilolijua. "Walitaka watu wapumzike siku moja wasije wakawapindua."

"Acha uongo wewe. Ni mambo ya nyota hayo."

Debe tupu haliachi kuvuma, na mawili yakikutana ndiyo balaa. Bwana Pole hakuwasikia tena. Alisimama wembe ukiwa hewani, kwa sababu swali lile lile aliwahi kulisikia utotoni, redioni, likiulizwa na Shangazi Kwanini.

Shangazi Kwanini alikuwa na kipindi cha watoto asubuhi za sikukuu tu. Kila sikukuu aliuliza imetoka wapi, na kasuku wake wa bandia alijibu upuuzi kisha akacheka kicheko cha kukwaruza. Watoto wa mtaa mzima walikiiga kicheko hicho mpaka wazazi wakajuta kununua redio. Redio ya kina Bwana Pole haikuwa na sehemu ya kurekodi, kwa hiyo waliazima kinasa sauti cha mjomba, wakakiweka mbele ya spika, na sheria ikatangazwa: asikohoe mtu. Kuku walifukuzwa, sufuria hazikugongwa. Msimamizi wa sheria alikuwa yeye, kitinda mimba, mkali kuliko bwana jela.

Sasa alikumbuka kwamba siku ya swali la Mwaka Mpya mama yao alijibu, pale pale chumbani, kanda ikizunguka. Jibu lenyewe limemtoka. Na si jibu tu, hata sauti imemtoka, na hilo ndilo linalomuua. Uso wa mama anauona, mikono anaiona, lakini mama akifungua kinywa hakitoki kitu. Simu yenye ujumbe wake wa sauti iliibiwa wiki ya msiba, na dada yake alikuwa ameshafuta wa kwake ili simu isijae. Kama sauti ya yule mama imebaki mahali popote, basi ni kwenye kanda ile.

Alimwacha dereva na ndevu upande mmoja, akapiga simu.

"Dada, ile kanda ya Shangazi Kwanini unayo?"

"Iko kwenye kopo la biskuti. Ya nini leo?"

"Mama yumo."

"Kesho asubuhi naileta," alisema dada.

"Kaka, nimalizie basi," dereva alilalamika. "Au mwaka mpya niuingie nusunusu?"

"Pole," alisema Bwana Pole, na safari hii alimaanisha.

Siku ya sikukuu walijifungia bandani, dada kwenye kiti cha wateja, yeye kwenye benchi, na katikati yao redio ya kaseti waliyoazima kwa fundi wa jirani. Fundi alikuwa ameonya kwamba ikila mkanda asiende kumlilia. Bwana Pole alibonyeza. Kwanza mvumo, kisha wimbo wa kufungulia kipindi, na dada akaushika bila kukosea neno. Kasuku alipocheka, na wao walicheka mpaka wakafuta machozi. Hawakuwa wamecheka pamoja tangu mazishi.

"Haya wanangu," Shangazi aliuliza kutoka huko mbali, "nani alianzisha Mwaka Mpya?"

Ikaja sauti nyingine, karibu zaidi, nzito kidogo, yenye kicheko ndani yake.

"Hilo nalijua mimi. Bibi yenu aliniambia kwamba zamani..."

"Shhh! Mama! Nyamaza, unaharibu!"

"Haya, baba. Nisamehe."

Ndara zilisikika zikiondoka, na mlango ukafungwa taratibu.

"Huyo ni mimi," alisema Bwana Pole.

"Ulikuwa mtoto, mdogo wangu."

Walisikiliza upande ule hadi mwisho, wakageuza, wakasikiliza na wa pili. Mama hayumo tena. Shangazi yupo, kasuku yupo, nyimbo zipo, na nyuma yake chumba kimya kabisa, kimelindwa barabara. Wengine wakirekodi hivyo hunasa hata jogoo au mtoto anayelia. Yeye hakunasa kitu cha ziada. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuwa amemkalia kifuani, hapumui.

Ndipo ikamjia namna siku ile ilivyokwisha. Mama alikuwa amesimama uani muda wote akisubiri. Walipokwisha kuzima kinasa sauti alichungulia mlangoni, akauliza, "Mmemaliza? Sasa naruhusiwa kusema?" Akaingia, akaketi, akawasimulia habari yote ya Mwaka Mpya tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa raha zake.

"Dada," alisema, "baadaye alitusimulia. Tulipokwisha kuzima. Alisema nini?"

Dada aliitazama redio.

"Sijui. Tulikuwa tunarudisha kanda nyuma, tumsikie kasuku."