Kitabu Tulichokipasua

Miaka ya tisini, katika bweni letu la wasichana kule Homa Bay, kitabu kitamu hakikusomwa kizima. Tulikipasua kwenye uzi unaoshika kurasa, vipande vitatu, ili watu watatu wasome kwa pamoja na foleni isonge. Ukipewa kipande cha mwisho kwanza, unashukuru. Hadithi utaiunganisha baadaye.

Riwaya ile ilihusu msichana wa rika letu aliyeharibiwa na baba wa kambo. Akawa mkali, akaiba, akalala steji ya matatu. Bweni zima likabishana. Kiranja wa dini, Msabato asiyecheka Sabato wala Jumatatu, alisema ni uchafu mtupu. Wengine wakamlaumu msichana: "Yawa, si angesema mapema?" Nilitamani kuwazaba makofi.

Jirani yangu wa kitanda, msichana wa kutoka Karungu, alikuwa kitandani akisoma. Yeye alipata kipande cha mwisho, pale msichana anapomweleza mama yake kila kitu. Mama analia, anamwamini, wanafunga virago wanaondoka. Alikisoma, akakirudia.

"Kumbe mama anaweza kuamini?" akaniuliza.

Nikaelewa. Kwao pia kulikuwa na baba wa kambo, na kila likizo ikikaribia alikuwa hali chakula.

"Likizo hii nitamwambia mama," akasema. Tukalia sote wawili.

Kipande cha katikati hakikumfikia. Matroni alikikuta chini ya godoro la mtu, akakitia kwenye moto wa uji.

Muhula uliofuata kitanda chake kilikuwa springi tupu. Msichana mwingine wa Karungu ndiye aliyetuletea habari. Alikuwa amesema kweli. Mama yake alimpiga kwa mwiko mbele ya mumewe, akamwita mwongo, na wiki haijaisha akamwoza kwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Ogwedhi. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Lakini ukikitaja, unaambiwa umejivua nguo hadharani. Nilichukia, na mpaka leo nachukia.

Baadaye sana nilikiona kitabu kile sokoni Migori, kizima, juu ya rundo la mitumba. Nikasoma ile sehemu ya katikati iliyochomwa, nikiwa nimesimama. Msichana anamwambia mama, anapigwa. Anamwambia tena, anafukuzwa. Anakimbilia kwa shangazi, anarudi, anasema tena.

Rafiki yangu alienda nyumbani akidhani kusema mara moja kunatosha.