Siku Nilipomshikisha Mkwe Goti la Mama Mkwe

Mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke, lakini acheni niwasimulie, maana aliyeniokoa siku ile anastahili kusifiwa kuliko mimi ninavyostahili kufichwa.

Nilikuwa mgeni Morogoro, binti wa Tabora niliyetoka chuoni juzijuzi, nikifanya kazi ya kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini. Ndiyo kwanza serikali imeruhusu biashara huria, mitumba imejaa sokoni na kila mwenye pikapu anakimbiza ndizi Dar. Asubuhi moja kijana mmoja wa namna hiyo, kavaa koti la mtumba la kupendeza, alimleta Bi Mwanahawa kutoka milimani Uluguru. Bibi alikuwa amevunjika paja, mfupa ukaunga, ila goti lilikakamaa na kutembea akaacha kabisa.

Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika vizuri, lakini yaliyofuata yote yalikuwa Kiluguru kitupu. Nesi aliyekuwa akinitafsiria alikuwa ameenda kunywa chai. Ningemsubiri, yasingenikuta. Nikajiamulia kuanza bila yeye (ujana huo), na kwa kuwa nilimsikia yule kijana akimwita bibi "mama", nikamwambia, "Kaka, njoo umshike mama hapa gotini, mimi nikunje mguu."

Kijana akaganda. Nikarudia, akatazama ukuta. Nikaona huyu mvivu, basi nikapandisha sauti, na foleni nzima pale kwenye benchi inasikia, "Mwanaume mzima unaogopa mguu wa mama aliyekuzaa?" Na kama hiyo haitoshi, nikamkamata mkono nikauweka mwenyewe juu ya goti la bibi.

Aliruka kama kaguswa na moto, akakumba magongo yaliyoegemezwa mlangoni, yakaporomoka yote kwa kishindo, tukasikia pikapu yake inaondoka. Bibi akajifunika khanga uso mzima.

Mama mmoja kwenye benchi akaniambia polepole, "Binti, yule ni mkwe wake. Kamwoa binti yake. Kwa mila yetu hata kula hawali pamoja, sembuse kugusana."

Nilijua bibi akirudi mlimani na hasira hatashuka tena, na goti lile litabaki vile mpaka kaburini. Nikapiga magoti chini nikamwomba radhi kwa Kiswahili changu, huku machozi yananilengalenga. Kutoka ndani ya khanga likatoka swali kwa Kiluguru, na yule mama akanitafsiria, "Anauliza wewe kabila gani."

"Mnyamwezi."

Khanga ikashuka. Bibi akanitazama, akaanza kucheka mpaka mabega yanatikisika. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita huku na mizigo kwenda pwani, na mtani hata akikutia aibu msibani humnunii, unamtoza faini. Faini yangu aliitamka kwa Kiswahili safi kabisa (kumbe anakijua, alikuwa ananipima tu): "Lala wewe kwanza, mtani. Nione hicho unachotaka kunifanya."

Akanitupia khanga yake ya pili nijisitiri. Nikalala kwenye mkeka wa mazoezi na uniform yangu nyeupe, watu wote wananitazama, bibi kakaa pembeni ananikunja goti na kulikunjua, akiniuliza kama inauma, nami najibu, "Inauma, bibi," na benchi zima linaangua kicheko. Aliporidhika akalala mwenyewe, akanipa mguu.

Alirudi kila wiki, safari hizo akija na binti yake. Lile goti lilimtoa jasho na hakulalamika hata mara moja, na siku alipotembea bila gongo mpaka getini nilisimama nikimtazama kwa fahari, nikisahau wagonjwa wengine. Mwanamke yule aliichukua aibu yake na yangu akaigeuza kicheko, akatutoa wote wawili salama.

Tangu hapo nimeapa. Simgusi mgonjwa kabla sijauliza aliyemleta ni nani wake, na nikiambiwa ni mkwe, namwomba kwa adabu akapumzike nje, mguu naushika mwenyewe.